Nyota Tatu Ndani ya Tangi

SILVÈRE: Haloo. Ni nani huyu anapiga-piga?

SPÈS: Ismaël? Mbona sauti yako— ni Spès. Nisikilize haraka, unite za simu yangu ni kidogo. Toka hapo karakanani. Silvère anakutafuta tangu asubuhi, nenda kwa mama yako, nenda popote—

SILVÈRE: Ismaël iko bize.

SPÈS: Shemeji? Ni wewe?

SILVÈRE: Ni miye.

SPÈS: Simu ya Ismaël inafanya nini mkononi mwako?

SILVÈRE: Ilikuwa inalia mfukoni mwake. Mikono yake nimeifunga, nikaona nimsaidie kupokea.

SPÈS: Yezu wangu. Uko wapi?

SILVÈRE: Kwenu hapa karakanani, Biryogo. Hapa anaposimama na ile bunduki yake ya moto akiwapulizia watu kauri za uongo kwenye vyuma vyao. Nimefunga mlango wa chuma kwa ndani. Leo Ijumaa, shemeji, mtaa mzima uko msikitini. Hata akilia kama mbuzi wa Idi, hakuna atakayekuja kuuliza.

SPÈS: Umemfanya nini?

SILVÈRE: Bado ni kidogo tu. Nimemvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimeanzia vile anavyobonyezea bunduki.

SPÈS: Silvère, Silvère, sikia—

SILVÈRE: Ndugu yangu iko namna gani? Niambie hiyo kwanza. Niyongabo iko namna gani?

SPÈS: [laini inakwaruza] Daktari... daktari yuko naye.

SILVÈRE: Amefungua macho?

SPÈS: Nimesema daktari yuko naye. Mimi nimetolewa nje, niko kwenye korido. Tuongee ya Ismaël.

SILVÈRE: Ya Ismaël ni mafupi. Jana saa nne tangi la asidi kiwandani lilipasuka tumbo, na mdogo wangu alikuwa amesimama hatua mbili. Asidi ya moto, Spès! Unajua nilishika nini nilipomvuta? Nilimshika mkono, ngozi ikaja yote, kama soksi. Mimi msimamizi wa kiwanda kizima, mimi niliyemtafutia hiyo kazi, nimesimama na ngozi ya mdogo wangu mkononi—

SPÈS: Usinisimulie. Ni mume wangu. Nimekaa naye tangu jana, najua alivyo kila mahali.

SILVÈRE: Basi nyamaza nimalize kazi.

SPÈS: Usikate! Usikate, shemeji, nakuomba. Umeshika nini?

SILVÈRE: Kijerikani cha lita tano. Nimekuja nacho kutoka kiwandani. Ni asidi ileile tunayooshea mabati kabla ya kuyachovya kwenye zinki. Huyu bwana alisimama mbele ya wafanyakazi wangu akaniahidi koti lake la kauri ndani ya tangi litazuia asidi miaka kumi. Miaka kumi, sha! Halikufika hata miezi minane. Sasa nataka kuona ngozi yake yeye itazuia dakika ngapi.

SPÈS: Ni yeye huyo anayegugumia?

SILVÈRE: Ni yeye.

SPÈS: Kwa nini haongei?

SILVÈRE: Nimemjaza tambara mdomoni. Alikuwa anasema upuuzi.

SPÈS: Upuuzi gani?

SILVÈRE: Upuuzi wa mtu anayeogopa kufa. Halafu wewe, kwa nini unamtetea hivi? Huyu ni nani kwako?

SPÈS: Ni fundi niliyefanya naye kazi miaka sita. Na koti lile halikutoka hapo likiwa na tundu. Mimi ndiye niliyelipima.

SILVÈRE: Unasemaje?

SPÈS: Mimi. Hakuna koti linalotoka kwa Ismaël bila kupita kwangu. Nina brashi ya nyaya inayobeba umeme, naipitisha juu ya kauri shibiri kwa shibiri. Kauri haipitishi umeme. Penye tundu, hata kama limetobolewa na sindano, cheche inaruka na mashine inapiga kelele. Ndani ya tangi lenu nilitambaa siku mbili, magoti yakavimba, Niyongabo akawa ananikanda kwa maji ya chumvi. Brashi haikulia hata mara moja.

SILVÈRE: Kwa hiyo na wewe umo. [anacheka vibaya] Mke wake mwenyewe! Umetia saini kifo cha mume wako, halafu unanipigia simu kuniambia—

SPÈS: Tukana. Ukimaliza nisikilize.

SILVÈRE: Nikimaliza na huyu nakuja hapo hospitali! Wallahi nakuja! Mbele ya madaktari, mbele ya masista, nitakuburuta kwa nywele mpaka—

SPÈS: Njoo. Nakungoja. Sina pa kwenda. Lakini jibu hili kwanza: kama brashi haikulia Biryogo, tundu lilipatikana wapi?

SILVÈRE: Brashi yako mbovu.

SPÈS: Wiki ileile ilikamata mihimili mitatu ya pampu, nikamrudishia Ismaël aipulizie upya. Alinisonya kutwa nzima. Brashi si mbovu.

SILVÈRE: Basi asidi imekula hiyo kauri yenyewe. Ni chokaa tu mlitupaka.

SPÈS: Haikuila. Nimeona picha za ndani. Ukuta mzima kauri bado inang'aa, nyeupe kama yai, asidi haijaiweza. Isipokuwa mahali pamoja, upande wa kushoto, usawa wa kifua cha mtu. Hapo pana nyota.

SILVÈRE: Nyota? Unaota?

SPÈS: Nyufa nyembamba kama unywele, zinaanzia katikati zinakwenda kila upande, kama mtoto anavyochora nyota. Na hapo katikati kauri imebanduka, pakubwa kama sarafu. Unazikumbuka sahani za mama yenu kule Buyenzi? Zile za bati, zenye maua mekundu?

SILVÈRE: Usimlete mama hapa.

SPÈS: Koti lake gumu, kisu hakiliwezi. Lakini sahani ikianguka kwenye sementi, kutu inaanzia wapi?

SILVÈRE: Spès, unanipotezea muda.

SPÈS: Inaanzia wapi?

SILVÈRE: Pale ilipobanduka. Si kila mtu anajua?

SPÈS: Pale. Kauri ni ngumu lakini haijui kuinama, shemeji. Chuma kikigongwa kwa nje kinabonyea kidogo sana, hata jicho halioni. Kauri iliyo ndani haiwezi kubonyea nacho, inapasuka. Asidi ikapita kwenye ule unywele, ikakaa nyuma ya koti, ikala chuma taratibu. Kama mchwa kwenye mlango: rangi safi, mbao hakuna. Mpaka jana.

SILVÈRE: Kwa hiyo liligongwa.

SPÈS: Liligongwa.

SILVÈRE: Wapakiaji! [kitu kinapigwa teke] Nilisema! Wale makuli wa Nyabugogo, nilisema tusiwachukue, walilishusha kwenye lori kama gunia la viazi! Nitawafuata mmoja mmoja. Namjua yule mrefu mwenye kovu, najua anapokunywa. Nitamvunja miguu yote miwili, akitambaa nitavunja na—

SPÈS: Nyota ziko tatu, Silvère.

SILVÈRE: Ngapi?

SPÈS: Tatu. Zimekaa mstari mmoja, shibiri kati ya hii na hii. Makuli wakigongesha tangi hawapangi mstari.

SILVÈRE: Laini mbaya. Sikusikii.

SPÈS: Unanisikia.

SILVÈRE: Inakatika-katika. Nitakupigia—

SPÈS: Nani kiwandani anapokea kila tangi jipya kwa nyundo?

SILVÈRE: Nyamaza.

SPÈS: Nani anasema "Kwa jina la Baba" anagonga, "na la Mwana" anagonga, "na la Roho Mtakatifu" anagonga, halafu anaweka sikio asikie kama limelia vizuri, na watu wote wanapiga makofi?

SILVÈRE: Nimesema nyamaza!

SPÈS: Miaka ishirini umebariki matangi ya chuma kitupu, na hukukosea. Chuma kitupu ukikigonga kinakuambia kama kimeungwa vibaya. Lakini hili lilikuwa limevaa kauri kwa ndani, haligongwi hata kwa—

SILVÈRE: Nani amekufundisha maneno hayo? Ni huyu! Ni huyu mbwa! [kishindo, mtu analia kupitia puani] Umemwambia lini? Ee? [kishindo] Umemwambia lini?

SPÈS: Acha! Mwache! Sijaongea na Ismaël tangu jana, naapa kwa watoto wangu! Tangu jana sijatoka hospitali! Si— ngoja. Ngoja kidogo. Kwa hiyo huo ndio upuuzi aliokuwa anausema? Ameshakuambia?

SILVÈRE: Ananisingizia.

SPÈS: Amekuambia habari za nyundo, ndipo ukamjaza tambara.

SILVÈRE: Ananisingizia mimi! Mimi kumuua Niyongabo! Nimemlea yule tangu baba alipokufa, nimemvusha mpaka wa nchi nimembeba mgongoni, leo fundi wa Biryogo, mtu wa kupaka rangi, ananitazama machoni ananiambia eti mzee, ni nyundo yako? Lazima nimvunje! Lazima!

SPÈS: Aliinua mkono siku ile.

SILVÈRE: Hakuinua mkono wowote.

SPÈS: Niyongabo alirekodi ile sherehe akanitumia, kwa sababu ulikuwa umependeza na koti lako jipya. Ismaël anaonekana pembeni. Anainua mkono, anasema, "Mzee, samahani, hili usi—" Na wewe unamjibu nini?

SILVÈRE: Sikumbuki.

SPÈS: Unasema, "Fundi, hiki ni chuma, si yai." Watu wanacheka. Ndipo anashusha mkono. Angefanya nini? Wewe mkubwa, umezungukwa na watu wako, angekunyang'anya nyundo? Na mimi niliitazama hiyo video nikigeuza ndizi jikoni. Nilicheka na mimi. Mpimaji mzima nimeona nyundo ikipiga tangi nililolipima kwa magoti yangu, nikacheka kwa vile shemeji yangu amependeza. Hilo ni langu, nitalibeba. Hili lako usimtwike Ismaël.

SILVÈRE: Lazima mtu alipe.

SPÈS: Umefungua nini? Silvère, nimesikia kifuniko.

SILVÈRE: Ndugu yangu hawezi kuwa hivyo halafu kila mtu aende nyumbani kula. Namtoa tambara nampa anywe. Akinywa hatasema tena nyundo.

SPÈS: Weka chini.

SILVÈRE: Fungua mdomo! Fungua!

SPÈS: Weka chini! Hiyo damu si yako peke yako! Aliyefiwa ni mimi, na mimi simdai huyo kitu!

SILVÈRE: Fungua mdo— Nani amefiwa?

SPÈS: Weka chini kwanza.

SILVÈRE: Spès. Nani amefiwa? Umesema daktari yuko naye.

SPÈS: Saa tano na robo.

SILVÈRE: Oya.

SPÈS: Saa tano na robo leo asubuhi, shemeji. Nilikuwa nimemshika mguu, ndipo palipokuwa na pa kushika.

SILVÈRE: Oya. Hapana. Oya, oya—

[Sauti isiyo neno. Kishindo. Plastiki inagonga sakafu. Mtu anapiga yowe refu.]

SPÈS: Silvère! Umemwagia? Nijibu! Ismaël! Ismaël, unanisikia? Mana yanje, Mungu wangu... Haloo? Silvère!

SILVÈRE: Kimeniponyoka.

SPÈS: Imeenda wapi?

SILVÈRE: Sakafuni. Na mguu wake. Mguu wake, Spès, suruali inatoa moshi—

SPÈS: Kata kamba! Kisu kiko droo ya juu, mezani pangu. Suruali ipasue, usiivute juu ya ngozi! Bomba liko nyuma ya mashine ya kuchongea. Maji mengi, yatiririke, usisugue!

SILVÈRE: Kamba nimezikaza sana.

SPÈS: Usifungue, kata! Haraka!

[Droo. Vyuma vinamwagika. Mtu anahema. Maji yanaanza kutiririka.]

SPÈS: Umefikia wapi?

SILVÈRE: Yuko chini ya bomba. Nimemshika. Ananisukuma kwa kiwiko, hataki nimshike.

SPÈS: Ungekuwa yeye ungetaka? Mshike hivyohivyo. Mguu vipi?

SILVÈRE: Mwekundu. Kwenye kifundo imetoka... kwenye kifundo ni nyama.

SPÈS: Nusu saa, usifunge bomba, hata akikuomba kwa jina la mama yake. Na wewe toa viatu, vimeloa asidi. Tambara umelitoa?

SILVÈRE: Nimelitoa.

SPÈS: Anasema nini?

SILVÈRE: Anasema nifungue mlango.

SPÈS: Mfungulie basi.

SILVÈRE: Nikimwachia ataanguka. Ngoja maji yafanye kazi. [anahema] Ngoja kidogo.

[Mlio mfupi kwenye laini.]

SPÈS: Hizo ni unite, zinaisha. Sikiliza, watu wakitoka msikitini wakukute mlango uko wazi na wewe umeshika maji. Ukikutwa umejifungia naye watakuua hapohapo, na mimi sina nguvu ya kuzika wawili. Mpeleke kituo cha afya kwa moto, pikipiki yoyote ya abiria, polisi utawaambia mwenyewe. Usimwachie Ismaël aseme.

SILVÈRE: Nitasema. [maji] Ulinidanganya.

SPÈS: Ningekuambia ukweli mwanzoni ungemwagia kichwani.

SILVÈRE: Ningemwagia.

SPÈS: Najua.

SILVÈRE: Spès.

SPÈS: Naam.

SILVÈRE: Tangi polisi walilizungushia utepe tangu jana mchana. Hata mimi wamenizuia. Na wewe hukutoka hospitali. Umesema hukutoka.

SPÈS: Endelea kumwagia maji.

SILVÈRE: Namwagia. Hizo picha za ndani umezipata wapi?

SPÈS: Shemeji, unite—

SILVÈRE: Umezipata wapi?

SPÈS: [laini inakwaruza] Kwenye simu ya Niyongabo.

SILVÈRE: Za lini?

SPÈS: Jumatano ya wiki iliyopita. Mlipomwaga asidi ili kulisafisha tangi. Aliingia na tochi.

SILVÈRE: Aliona.

SPÈS: Aliona zote tatu. Akanunua dawa ya kuziba, imo ndani ya mkoba wake, nimeikuta. Alitaka kuitoa asidi aingie Jumapili hii, ninyi mkiwa misani, azibe kimya kimya. Jana alikuwa amesimama pale kwa sababu kila saa alikuwa anaenda kulitazama.

SILVÈRE: Angeniambia! Ningesimamisha kiwanda siku ileile, ningelitoboa kwa mikono yangu! Kwa nini hakuniambia?

SPÈS: Akuambie vipi? Kwamba umekosea, mbele ya watu wako? Wewe uliyemlea?

SILVÈRE: Ningemsikiliza!

SPÈS: Kama ulivyomsikiliza Ismaël?

SILVÈRE: [anaongeza maji]

SPÈS: Nilimuuliza jana jioni, sauti yake ikiwa bado ipo. Nilimuuliza swali hilohilo.

SILVÈRE: Akasema nini?

[Mlio mfupi kwenye laini, mara mbili.]

SPÈS: Fungua mlango sasa, shemeji. Adhana ya pili niliisikia muda mrefu uliopita, watu watakuwa wanatoka—

SILVÈRE: Akasema nini, Spès!

SPÈS: Alisema, "Kaka asijue." Hicho tu. Na leo asubuhi midomo yake haipo tena, alikuwa bado anajaribu kukisema. Nimelivunja ombi lake kwa ajili ya huyo uliyemshika. Kwaheri, shemeji, bomba usilifun—

[Laini imekatika.]